Mwana wa Mhunzi Asiposana

Leo tuanze na sauti. Kama uliwahi kuishi jirani na kibanda cha mhunzi, sauti hiyo bado unayo kichwani. Nyundo ikitua juu ya chuma kilichoiva motoni, mlio wake ni mzito, butu, kama mchi unaotwanga kisamvu. Chuma kikianza kupoa, mlio unapanda. Unakuwa mwembamba, unakuwa mkali, mwisho unalia kama ile rimu ya gari inayogongwa shuleni kuwaita watoto mstarini.

Mzee aliyenionyesha tofauti hiyo alikuwa amenikaribisha chai, mgongo amempa kijana wake aliyekuwa akifua. Tulikuwa tunazungumza habari za mvua. Katikati ya maneno akasema, bila kugeuka, "Kirudishe motoni, hicho kimelala." Kisha akaendelea na mvua pale pale alipoishia.

Nimemkumbuka mzee huyo kwa sababu ya mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyenifuata na swali. Alisema hivi: watoto tunawafundisha Zama za Chuma, wanakariri, wanajibu mtihani, wanafaulu. Lakini katika darasa langu zima hakuna hata mmoja aliyewahi kuona chuma kikipinda. Je, naweza kuwaletea mhunzi bila kujiletea balaa? Nikamjibu kwamba inawezekana. Halafu nikaenda kwa yule mzee kuuliza inawezekanaje, maana kazi yangu mimi ni kuongea tu.

Wahenga wa pwani walituachia methali: mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Kusana ni kufua chuma, neno ambalo vijana wengi siku hizi hawalijui. Kuvukuta ni kupuliza moto kwa mivukuto. Shuleni tuliambiwa kwamba maana yake ni mtoto kufuata nyayo za mzazi, tukaandika hivyo, tukapewa vema. Mimi naona methali hiyo imebeba pia mgawanyo wa kazi. Inatuambia kwamba ndani ya kibanda kile kulikuwa na kazi ya aliyekomaa na kazi ya ambaye bado. Mtoto hakufukuzwa mlangoni, wala hakukabidhiwa nyundo siku ya kwanza. Alikalishwa kwenye mivukuto. Pale yuko upande wa pili wa moto, mbali na fuawe, mikono imeshika ngozi na si chuma, na macho yanatazama makaa kutwa nzima. Akivukuta hivyo misimu miwili mitatu, rangi za moto anazijua kama anavyozijua sura za ndugu zake, na hajagusa bado kitu cha kumuunguza.

Kwa hiyo mtu asije akatuambia kwamba kuwalinda watoto na moto wa mhunzi ni fikra mpya iliyokuja na miwani ya plastiki. Ilikuwepo, tena imefungwa ndani ya methali.

Mzee wangu ni mtu wa Upare wa kaskazini, kule Ugweno, wilaya ya Mwanga. Ukifika huko ukauliza habari za chuma, utatajiwa Washana. Huo ndio ukoo wa wahunzi, na kwa historia aliyoiandika Profesa Isaria Kimambo mwaka 1969, ndio waliokuwa watawala wa Ugweno kabla ya kupinduliwa na ukoo wa Wasuya yapata karne ya 16. Hebu fikiria nchi ambayo mwenye nyundo ndiye mwenye enzi! Na kila ninaposikia jina Mshana, sikio langu linalisogeza karibu na kile kitenzi cha kusana. Wataalamu wa lugha watanisahihisha wakitaka.

Wapare wa huko hawakuhitaji mashimo marefu ya kuchimba. Mvua ikipiga milima ile, vijito hushusha mchanga mweusi, mzito, unaong'aa kidogo juani. Huo ulikusanywa, ukaoshwa mpaka ule mwepesi ukaondoka na maji, ukapelekwa tanurini pamoja na mkaa. Chuma chenyewe hakikutoka kimeyeyuka kama uji, kwani ili chuma kiwe maji kinataka nyuzijoto 1,538, na matanuri yale hayakufika huko. Kilitoka bonge, lina vitundu kama sifongo, limechanganyika na mavi ya chuma. Ndiyo, ndilo jina lake la Kiswahili, na ukitaka darasa la tano likusikilize, litaje neno hilo kisha subiri kicheko kiishe. Bonge lile lilipigwa likiwa bado moto mpaka mavi yakatoka na chuma kikabaki. Sehemu kubwa ilipanda Kilimanjaro kwa Wachagga, wakafua mikuki na majembe, na mifugo ikashuka Upareni kulipia.

Majembe ya viwandani kutoka ng'ambo yalipojaa madukani, kuyeyusha mchanga kukakosa faida, na matanuri yakazimika moja baada ya jingine. Kufua hakukuzimika. Mhunzi wa leo anafua springi za malori, ekseli, vipande vya nondo. Nenda Gerezani hapa Dar es Salaam au Kamukunji kule Nairobi, usimame dakika kumi, halafu uniambie kama huu ni utamaduni uliokufa.

Sasa turudi kwa mwalimu na watoto wake.

Siku tuliyopanga ilipowadia, mzee alifika saa moja asubuhi na kuanza kukataa mambo. Walimu walikuwa wametenga katikati ya uwanja, pakubwa, peupe, kila mtu aone. Akasema, "Hapo nitawaunguza." Juani, msikilizaji, rangi ya chuma haionekani. Chuma kilichoiva vizuri, mwanga wa saa nne unakifanya kifanane na kilicholala. Ndiyo sababu vibanda vya wahunzi huwa na giza giza, si kwa ajili ya uchawi kama wengine wanavyodhani. Mwalimu mkuu akapendekeza basi tuingie darasani, penye kivuli. Akakataa tena. Mkaa ukiwaka ndani ya nyumba iliyofungwa hutoa hewa isiyo na harufu wala rangi, ile ile inayowamaliza watu waliolala na jiko chumbani msimu wa baridi. Akazunguka shule nzima na mkongojo wake, akachagua kivuli cha ukuta wa stoo, nje, ambapo upepo ulipeleka moshi upande wa mashamba. Pakafagiliwa hadi udongo mtupu. Ndoo mbili za maji, moja ya mchanga. Akachukua majivu akachora mstari mita tatu kutoka kwenye moto, akasema, "Huu ni ukuta. Haupiti mtu ila niliyemwita kwa jina."

Hapa lazima nikiri kosa langu. Nilikuwa nimewaambia watoto kila mmoja aje na kipande cha chuma chakavu kutoka nyumbani, nikiona nimebuni jambo zuri la kuwashirikisha. Walikuja na mzigo. Mzee akakaa kwenye kigoda akaanza kuchambua, na nusu ya mzigo akautupa upande. Bati na mabomba ya maji: yamepakwa zinki, na zinki ikipata moto mkali hugeuka moshi mweupe unaomletea mtu homa na kubanwa kifua. Vyenye rangi ya mafuta, vivyo hivyo. Halafu akakuta shokomzoba ya pikipiki, akainyanyua juu wote tuione. Ile imefungwa pande zote, ndani ina mafuta na hewa. Ukiitia motoni inapasuka kama bomu. Aliyeileta, mtoto mdogo wa kiume, akainamisha uso kama aliyefumaniwa, mzee akamwambia, "Umefanya vema kuileta kwangu. Ungeitia kwenye jiko la mama yako." Mwishowe tulitumia nondo laini ya milimita 6 niliyokimbia kuinunua dukani, shilingi zangu mwenyewe, na nilistahili.

Mavazi nayo. Nguo za nailoni, pamoja na jezi za mpira ambazo watoto wanazipenda, cheche ikidondokea huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Pamba huungua tu, ukaipangusa. Kandambili hapana, viatu vya kufunika. Nywele zifungwe. Miwani ya usalama tuliazima kwa fundi wa kuchomelea, kumi na mbili, ikawa inapokezanwa. Nyundo ikipiga chuma cha moto huruka magamba madogo, na jicho halina spea.

Watoto wakaja, "Shikamoo babu!" kwa sauti moja, naye, "Marahaba wajukuu zangu," kisha badala ya kuwasha moto akawagawia udongo.

Walimu walishangaa. Udongo wa mfinyanzi, bonge kama ngumi, na kipande cha mti cha kupigia. Akawaambia wapige ncha, waone inavyonenepa. Wapige ubavuni huku wakizungusha, waone inavyorefuka na kuchongoka. Wapinde kwenye ukingo wa benchi. Nusu saa nzima walitwanga udongo, wakachafuka, wakacheka. Kumbe chuma kilichoiva hutii nyundo kama udongo unavyotii mti. Mtoto aliyekwisha kurefusha udongo anaelewa chuma kabla hajakikaribia, na mkono wake umezoea kupiga bila hofu. Nimeona wataalamu wakubwa wa maonyesho wakiruka hatua hii kwa kuwa haina cheche za kupigia picha. Mimi ningeacha cheche nikabaki na udongo.

Ndipo mivukuto ikatolewa. Mzee alikuja na ya kale, mifuko miwili ya ngozi ya mbuzi, kila mmoja mdomo wake una fito mbili. Ukiinua unafumbua, ukikandamiza unafumba, hewa inapita kwenye mrija wa udongo hadi kwenye makaa. Ukisema hivi ni rahisi. Mtoto wa kwanza alivukuta kama anayefukuza kuku, moto ukakohoa ukatoa majivu. Wa pili alisahau kufumba. Wa tatu, msichana mwembamba ambaye mwalimu alininong'oneza kwamba hasemi darasani, akashika mwendo: huu ukipanda, huu unashuka, huu ukipanda, huu unashuka. Makaa yakaanza kuhema. Mzee akaacha maneno. Kwa dakika kadhaa kilichosikika ni ile pumzi tu, na watoto thelathini na kitu wamenyamaza bila kuambiwa wanyamaze. Vibanda vingi sasa vina rimu ya baiskeli inayozungusha feni, na inafanya kazi nzuri kuliko ngozi. Lakini feni haimfundishi mtoto kusikiliza.

Nondo ikawekwa. Akawataka waseme rangi, si yeye. "Nyeusi." "Bado nyeusi." "Kama damu!" "Kama chungwa." Ilipofika rangi ya embe bivu akaitoa na kuanza kuipiga. Kisha akawaonya juu ya weupe. Chuma kikiwa cheupe na kurusha vicheche kama fataki, kinaungua chenyewe, na ukikipiga kinasambaratika.

Mchango wangu siku hiyo, baada ya ile aibu ya vyuma chakavu, ulikuwa sumaku. Nilikuwa na sumaku ya spika iliyokufa, moja ya zile nzito, nikaining'iniza kwa waya kwenye tawi. Tukasogeza msumari wa baridi ulioshikwa na koleo, sumaku ikaufuata. Tukautia motoni hadi ukawa mwekundu uliokolea, tukausogeza tena. Sumaku ikakaa kimya, kana kwamba hawajuani. Ukipita nyuzijoto 770 chuma hupoteza ile tabia ya kuvutwa na sumaku. Tukasubiri upoe. Ukapoa kidogo, ukapoa, na ghafla sumaku ikayumba kuufuata. Kelele zilizotoka hapo zilimleta mlinzi kutoka getini. Halafu tukaivisha sumaku mfuko wa nailoni, tukaipitisha kwenye mchanga wa mfereji, ikatoka na ndevu nyeusi. Nikawaambia hizo ndevu ndizo zilizowapa Wagweno majembe.

Kupiga kulifanyika kwa makundi ya watoto wanne, wenye miaka tisa na kuendelea. Wadogo walibaki na udongo na mivukuto, na hakuna aliyelalamika. Mzee alishika nondo kwa koleo, mtoto akasimama upande wa pili wa fuawe na nyundo isiyozidi nusu kilo, anapiga akiambiwa "haya", anaacha akiambiwa "basi". Kila kundi lilipata kulabu moja ya kutundikia. Baadhi zilipinda kama mkia wa nguruwe. Mzee hakuzinyoosha hata moja.

Balaa alilohofia mwalimu lilitaka kuja mara moja tu, na halikutoka mahali tulipolitazamia. Watoto wote waliogopa chuma chekundu, hakuna aliyekisogelea. Lakini kulabu ya kundi la pili ilikuwa imewekwa chini, imerudia weusi, na kijana mmoja akauvuka ule mstari wa majivu kwa furaha, akainama kuichukua. Mkongojo wa mzee ukamtangulia. Haukumpiga, ulikaa tu kati ya mkono na chuma. Mzee akadondosha matone ya maji juu ya kile chuma cheusi, yakaruka na kulia chwii. "Chekundu kinakwambia nimeiva," akasema. "Cheusi hakisemi." Chuma kikirudia weusi kinaweza kuwa bado na nyuzijoto 400. Tangu hapo alitenga beseni la mchanga, kila kilichotoka kwenye fuawe kikaingia humo, na hakuna aliyeshika chochote mpaka kijaribiwe kwa maji. Ningeambiwa nichague kanuni moja tu ya kubandika mlangoni pa kila kibanda, ningechagua hiyo, nikaacha hata miwani.

Na kama mtu ameungua? Maji safi, ya kawaida, yanayotiririka, dakika ishirini. Jipe saa, uhesabu, maana dakika ishirini ni ndefu kuliko unavyodhani mtoto akilia. Dawa ya meno, samli, unga, mafuta ya taa, yai, hivyo vyote vina kazi yake nyingine. Lengelenge usilipasue. Jeraha likiwa kubwa kuliko kiganja cha mtoto, au likiwa usoni au mkononi, apelekwe kituo cha afya. Na ukishika chuma cha moto, usitumie kitambaa kibichi. Maji ndani ya kitambaa hugeuka mvuke, na mvuke huo hukuunguza mkono.

Sasa kuna msikilizaji anajiuliza juu ya wasichana. Najua, maana hata mimi niliuliza. Kazi ya chuma katika nchi zetu ilizungukwa na miko. Kwa Wafipa na kwa Wahaya tanuri lilihesabiwa kama mwanamke, na lile bonge la chuma kama mtoto anayezaliwa, kwa hiyo wanawake wenyewe wakazuiwa kukaribia, na wanaume waliolihudumia wakajitenga na wake zao. Kwa Wamaasai wahunzi, Ilkunono, walibaguliwa kabisa. Mikuki ilitoka kwao lakini hakuna aliyetaka kuoa kwao. Mimi nadhani baadhi ya miko ilifanya pia kazi ya ule mstari wa majivu, ikaweka wapita njia na watoto mbali na moto. Lakini hilo haliondoi kwamba iliwanyima wengine haki. Mzee nilipomuuliza kama wasichana wakae pembeni, alinyamaza, akanywa chai yake, kisha akasema, "Miko ile ni ya kuyeyusha. Sisi tunafua nondo ya dukani." Sijui kama hilo ni jibu la mila au la mzee mwerevu. Msichana wa mivukuto ndiye aliyevukuta muda mrefu kuliko wote.

Wapo wanaoniambia, mtangazaji, yote hayo ya nini, mtoto aonyeshwe video imetosha. Nawajibu kwa habari ya Wahaya. Katika miaka ya 1970 mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Marekani, Peter Schmidt, alifukua mabaki ya matanuri ya chuma mkoani Kagera, mengine yenye umri unaokaribia miaka 2,000. Ili aelewe yalivyofanya kazi, aliwaomba wazee wa Kihaya wayeyushe chuma mbele yake. Wazee wale walikuwa hawajayeyusha kwa miongo mingi. Walikuwa vijana wakati kazi ile ilipokoma. Majaribio ya kwanza hayakufaulu. Wakabishana, wakakumbushana, wakajenga upya kwa udongo wa kichuguu, wakajaza shimo kwa nyasi za bwawani zilizochomwa, wakaingiza mirija ya mivukuto ndani kabisa ya tanuri. Na chuma kikatoka. Mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba hewa iliyopita kwenye mirija ile ilipata joto kabla ya kufika kwenye makaa, na ndiyo sababu moto wao ulikuwa mkali namna ile.

Wazungu wengi walishangazwa na habari ya joto. Mimi kinachonikalisha macho ni wale wazee. Hawakuwa na kitabu, na hakuna aliyewapigia picha ujanani. Walichokuwa nacho ni kumbukumbu ya mikono, ya watu ambao ujana wao ulipita karibu na kazi, wakibeba mkaa, wakivukuta. Wangekuwa watazamaji tu, waliowekwa mbali na kuambiwa "angalieni mila zetu", sidhani kama ule ubishi wao ungefika popote.

Ndiyo maana sipendi maonyesho ambayo watoto husimamishwa nyuma ya kamba, mzee akapiga nyundo mara saba, mgeni rasmi akapiga mara moja huku kamera ikimfuata, watu wakaenda kunywa soda. Hapo usalama umezingatiwa mpaka hakuna kilichotokea. Na kwa wale wenye shule, sasa kwa kuwa sera imeanza kuzungumza elimu ya amali, mhunzi msimwite bure kwa jina la utamaduni. Siku anayokaa na watoto wenu ni siku ambayo patasi za waashi hazikufuliwa. Mlipeni, na mkaa mnunue nyinyi.

Mwisho wa siku ile mzee aliwafanyia jambo moja la kutazama tu. Alitoa patasi aliyoifua kwa springi ya lori, akaipasha, akaichovya maji ikalia, akaisugua kwa jiwe ncha ikang'aa. Kisha akaonyesha rangi zikitembea polepole juu ya ule weupe: majani makavu, halafu hudhurungi, na nyuma yake zambarau na buluu zikija. Hudhurungi ilipofika kwenye makali akaichovya tena. Hayo ndiyo matiko, akasema, ukichelewa patasi inapinda, ukiwahi inakatika. Mtoto mmoja akauliza anajuaje pa kusimama. Mzee akamjibu, "Nilivukuta."

Makaa yakamwagiwa maji, yakakorogwa, yakamwagiwa tena, na mwalimu wa zamu akaagizwa arudi kuyagusa baada ya saa moja. Kulabu zimepigiliwa kwenye ukuta wa darasa la tano, watoto wanatundikia mikoba, na ile iliyopinda kama mkia wa nguruwe ndiyo inayogombewa. Nilipopita wiki iliyofuata nilikuta vichupa vya mchanga mweusi vimepangwa dirishani, kila kimoja kimeandikwa mfereji ulikotoka. Sumaku yangu aliondoka nayo yule msichana wa mivukuto. Haijarudi hadi leo, nami sijaidai.